Moto chini ya injini, propela mbele: uchambuzi wa kisa kimoja Uwanja wa Wilson

Kisa hiki kilitokea Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, asubuhi moja ya mwezi Julai. Mwaka, kampuni, namba ya usajili wa ndege na majina ya wahusika vimeondolewa, na mambo mawili matatu yasiyogusa mafunzo yenyewe yamebadilishwa ili watu wasitambulike. Nimewaandikia wanaofanya kazi kwenye maegesho ya ndege ndogo: marubani, mafundi, na hasa vijana wa huduma za ardhini. Vijana hawa hufundishwa moto siku moja na propela siku nyingine. Asubuhi ile vilikuja pamoja, na kila fundisho likawa linamvuta mtu upande wake.

Ndege, watu na hali ya hewa

Ndege ilikuwa ya viti vinne, mabawa juu, injini moja ya pistoni yenye silinda sita na kabureta. Ilikuwa imelala nje siku kadhaa bila kuruka. Julai ni mwezi wa baridi Nairobi. Alfajiri kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Oili huwa nzito, betri huchoka upesi, na petroli haigeuki mvuke kwa urahisi ndani ya silinda baridi. Kisha kuna mwinuko. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Petroli inayotosha kuwasha injini pwani, hapa huwa imeizidi hewa, na injini inafladi, yaani inalowa petroli na kukataa kuwaka.

Walikuwepo rubani mwenye uzoefu wa miaka mingi, abiria wawili, fundi mzee wa kampuni, na kijana wa huduma za ardhini aliyekuwa na miezi michache kazini. Kijana alikuwa amefundishwa kutumia mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza chini ya mwali, bana, fagia. Alijua pia kwamba propela inayozunguka haikaribiwi. Mtungi wa unga ulikuwa umesimamishwa mbele ya ncha ya bawa la kushoto, mahali ambapo rubani angeuona kutoka kwenye kiti chake. Msomaji apaweke akilini mahali hapo.

Petroli inakaa wapi

Kwenye ndege ya aina hii matangi yako ndani ya mabawa, juu ya vichwa vya abiria, na kabureta iko chini ya injini. Petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake. Hakuna pampu ya kuzimwa. Usipofunga valvu ya mafuta, itaendelea kushuka. Hewa nayo huingia kwa chini na kuvutwa juu kupitia kabureta hadi kwenye silinda.

Rubani anaposukuma na kuvuta mpini wa gesi (unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini) mara kadhaa kabla ya kuwasha, pampu ndogo ndani ya kabureta hurusha petroli kila mara. Injini ikiwa inazunguka, petroli hiyo hufyonzwa juu. Injini ikiwa imesimama, haina pa kwenda ila kurudi chini kwenye sanduku la hewa, kulowesha kichujio, kisha kudondoka sakafuni. Petroli ya ndege hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo baridi ya Nairobi haisaidii chochote. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa. Unatulia pale pale chini ya boneti ya injini, ukingoja cheche.

Ndiyo maana ndege hizi zina praima, pampu ya mkono inayopeleka petroli moja kwa moja karibu na silinda. Kupiga mpini wa gesi badala ya kutumia praima ni mazoea yaliyoenea, na mara nyingi injini huwaka bila tatizo. Mazoea yanajengeka kwa sababu hiyo.

Propela yenyewe

Propela ya ndege hii ilikuwa na mapanga yanayogeuza pembe. Wakenya tunaijua spidi gavana ya matatu, inayobana mafuta gari likizidisha mwendo. Gavana ya propela inafanya kazi kwa njia nyingine. Huchukua oili ya injini, huiongezea shinikizo kwa pampu yake ndogo, na kuipitisha ndani ya krenkishafti, shafti kuu ya injini iliyo wazi katikati, hadi kwenye kitovu cha propela. Humo oili husukuma pistoni, na pistoni hugeuza mapanga. Mzunguko ukizidi kiasi alichochagua rubani, mapanga hupewa pembe kubwa, yanauma hewa zaidi na mzunguko unashuka. Ukipungua, pembe inapunguzwa.

Naieleza kwa sababu ya dhana iliyojitokeza saa ileile. Siku chache kabla ya tukio, gavana ya ndege hii ilikuwa imefunguliwa na kurudishwa. Moto ulipotokea, wengi waliokuwa karibu walisema oili ya propela imevuja juu ya ekzosi. Hofu hiyo si ya kupuuza: oili inayotoka kwenye kitovu hurushwa nyuma na upepo wa propela, inafunika kioo cha mbele na kuingia ndani ya boneti, na ekzosi yenye joto kali inaweza kuiwasha. Lakini hilo ni tatizo la injini iliyokwisha kushika kazi. Wakati starta inazungusha, oili bado haijapata shinikizo la maana, na mapanga yamelala kwenye pembe ndogo kwa springi za kitovu. Gavana haina inachofanya. Fundi alipofungua boneti baadaye, sehemu ya juu karibu na gavana ilikuwa safi; masizi yote yalikuwa chini, kuzunguka sanduku la hewa.

Hesabu nyingine ni ya kasi. Propela yenye kipenyo cha mita 2, injini ikiwa imetulia kwenye mizunguko 700 kwa dakika, ncha za mapanga hukimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kwenye mizunguko 2,400 ya kuruka, huzidi kidogo kilomita 900. Starta peke yake huizungusha polepole kiasi kwamba unaona panga moja moja likipita. Hapo ndipo macho yanapodanganya. Injini ikishika, mapanga yanatoka kwenye mwendo unaoonekana hadi usioonekana kabla mtu hajainua mguu.

Yaliyotokea, kwa mpangilio

Rubani alijaribu kuwasha mara ya kwanza baada ya kupiga mpini wa gesi mara kadhaa. Starta ilizunguka kwa uzito, injini ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga mpini tena, akajaribu mara ya pili. Kimya.

Wakati huo kijana aliona matone chini ya boneti na doa la buluu likitanuka kwenye saruji. Buluu ni rangi inayotiwa kwenye petroli ya ndege inayotumika sana hapa. Aliliona, akalitazama, hakusema. Alipoulizwa baadaye alijibu: "Nilidhani Kapteni anajua. Na mimi ni nani nimwambie?"

Jaribio la tatu lilifuata bila kungoja. Injini ilishika silinda moja, ikarudisha moto kinyume kupitia kabureta kwa mlio mkubwa, na petroli iliyokuwa chini ikawaka. Miali ilitokea kwenye tundu la hewa chini ya pua ya ndege na kwenye milango ya kupozea injini kwa nyuma yake. Rubani, akiwa amevaa vifaa vya masikioni na pua ya ndege ikimzuia kuona chini, hakujua ni moto. Aliendelea kushika starta akidhani injini inataka kuwaka.

Kijana alipiga kelele, "Kapteni, moto! Moto chini!" akipunga mikono yote miwili. Kisha akanyakua mtungi na kukimbia. Kutoka mbele ya ncha ya bawa la kushoto hadi kwenye miali, njia fupi inapita mbele ya pua, mbele ya mapanga yaliyokuwa yakizunguka polepole. Akaishika njia hiyo.

Rubani aliona vitu viwili karibu kwa pamoja: moshi ukipanda mbele ya kioo, na kijana akija na mtungi upande wa propela. Akaachia starta. Propela ikasimama. Miali ikaongezeka, kwa sababu hakukuwa tena na kitu cha kuifyonza ndani. Akavuta mpini mwekundu wa mchanganyiko, unaokata petroli ya injini, akafunga valvu ya mafuta, akazima magneto, zinazotoa cheche za injini, na swichi kuu, akawaambia abiria watoke. Walitokea mlango wa kulia. Mmoja alitaka kuzunguka mbele kwa kuwa gari lao lilikuwa upande huo. Rubani akamshika mkono na kumgeuza kuelekea mkia.

Fundi mzee, aliyekuwa nyuma ya bawa, alimfikia kijana na kumvuta kwa ovaroli. Maneno yake, kwa mujibu wa wote wawili, yalikuwa: "Zunguka nyuma, kijana! Nyuma!" Wakapita nyuma ya nguzo ya bawa, ile inayolishikilia kwa chini, kijana akapiga magoti na kupuliza unga kuelekea juu, kupitia milango ya kupozea. Moto ulizimika kabla ya gari la zimamoto la uwanja kufika. Askari wa zimamoto walikagua, wakapuliza tena kwa tahadhari, wakakaa hadi chuma kikapoa.

Dakika za baadaye

Sehemu hii wengi huiacha wanaposimulia, nami naona ndiyo nzito kuliko zote. Moto ulikuwa umezimika, watu wanapumua, simu zimetoka mifukoni. Ndege ilipaswa kuvutwa pembeni, na panga moja lilikuwa limesimama wima kuelekea chini, mahali pa kufungia mti wa kuvutia ndege. Kijana akanyoosha mkono alisogeze.

"Usiiguse hiyo propela," fundi akamwambia. Hakupaza sauti.

Magneto hutengeneza umeme wake wenyewe injini inapozunguka. Haitegemei betri. Kuzima swichi kuu hakuigusi. Kinachoizima ni waya mwembamba unaoiunganisha na bodi ya ndege pale ufunguo unapogeuzwa kwenye alama ya kuzima. Waya huo ukikatika, magneto iko hai hata kama ufunguo uko mfukoni mwa rubani. Tena magneto ya kuwashia ina springi inayoifyatua ili itoe cheche kali hata propela inapozungushwa kwa mkono, polepole. Silinda za injini hii zilikuwa zimejaa petroli.

Fundi alipofungua boneti, ganda la plastiki la waya mmoja wa magneto lilikuwa limeyeyuka, na waya wenyewe umeachana. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba injini ingeshika. Vitu vyote vinavyohitajika ili ishike vilikuwepo.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Kichujio cha hewa na sanduku lake viliungua, mabomba ya mpira na waya kadhaa zilibadilishwa, rangi ya boneti ya chini ikababuka. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha rubani ulifanya kazi yake. Ndani hapakuingia mwali. Unga wa mtungi ulileta kazi zaidi ya moto wenyewe, maana ukikutana na unyevu hula alumini, na injini ililazimika kufunguliwa na kusafishwa. Kisa kiliripotiwa. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga kinataja moto wa injini miongoni mwa mifano ya matukio makubwa, hata ukizimwa kwa mitungi, na hilo linapaswa kufahamika kwa kila anayedhani moto uliozimwa kwenye maegesho ni habari ya ndani ya kampuni.

Uchambuzi

Nianze na uamuzi wa kuachia starta, kwa kuwa ndio uliobishaniwa sana. Vitabu vya ndege ndogo za kabureta husema wazi: moto ukitokea wakati wa kuwasha, endelea kuzungusha, ili miali na petroli vifyonzwe ndani ya injini. Injini ikiwaka, iache kwenye mizunguko kama 1,700 kwa dakika chache, kisha zima na ukague. Isipowaka, fungua gesi yote, kata mchanganyiko, endelea kuzungusha huku mtungi ukitafutwa. Ni maelekezo mazuri. Baadhi ya marubani waliosoma ripoti walisema huyu alikosea kwa kuyaacha.

Sikubaliani nao. Lengo la kuendelea kuzungusha ni injini iwake. Rubani anayezungusha starta huku mtu yuko mbele ya propela anaomba hasa kile kitakachomuua mtu yule. Ukurasa huo huo unamtaka rubani aendelee kuzungusha na mtungi uletwe, na unachukulia kwamba anayeuleta atapita nyuma. Asubuhi ile sharti hilo halikuwepo. Kuachia starta kuliongeza moto kwa sekunde chache na kuliondoa hatari ambayo isingekuwa na tiba. Angekuwa kijana nyuma ya bawa, ningesema azungushe bila kusita.

Basi swali la msingi ni kwa nini kijana alipita mbele. Katika mahojiano ya kwanza aliambiwa alikosa utulivu. Hiyo si haki kwake. Mtungi uliwekwa mbele ya bawa, moto uko chini ya pua, na mtu mwenye mtungi mkononi hukimbia moja kwa moja. Mahali mtungi ulipowekwa ndipo palipochora njia yake. Hakuna mafunzo ya utulivu yatakayoshinda mstari ulionyooka wakati kuna miali na kuna abiria ndani. Aliyeupanga pale alifikiria rubani auone. Hakufikiria miguu ya atakayeubeba.

Kukosekana kwa ishara iliyokubaliwa kulichangia. Kupunga mikono yote miwili kunaweza kumaanisha simama, njoo, au hatari yoyote. Ishara ya moto ipo katika kanuni za kimataifa: mkono wa kushoto unaonyesha moto ulipo, wa kulia unapepea kutoka begani hadi gotini. Kijana hakuwahi kuonyeshwa. Rubani alikiri kwamba hata angeionyeshwa, asingekuwa na hakika.

Kisha lile doa la buluu. Kwangu mimi hapo ndipo kisa kizima kingeweza kukatika. Kulikuwa na nafasi kati ya jaribio la pili na la tatu, na mtu mmoja tu aliyeweza kuona chini ya injini. Aliona. Heshima kwa Kapteni ikamfunga mdomo. Tumelelewa hivyo, na sioni aibu katika malezi hayo. Lakini kazini mkubwa ndiye anayepaswa kulifungua lango, maana mdogo hawezi kulifungua kutoka nje. Rubani akimwambia kijana kabla ya kupanda, "Ukiona chochote kinadondoka, nionyeshe kiganja, nitazima," kijana atakuwa ametumwa. Kuonyesha kiganja hakutakuwa ujuaji tena, kutakuwa utiifu.

Kilichofanya kazi vizuri ni uzoefu wa fundi, mara mbili. Nasita kukisifu kupita kiasi kwa sababu hakikuwa sehemu ya mpango wowote. Angekuwa ameenda kunywa chai, tungekuwa tunasoma ripoti ya namna nyingine. Abiria nao walitolewa vizuri, ingawa yule aliyetaka kuzunguka mbele anaonyesha kwamba kila mtu kwenye maegesho, si mhudumu peke yake, huvutwa na njia fupi.

Kuhusu unga: wapo waliolalamika kwamba mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ungeinusuru injini isiliwe. Ndani ya boneti, karibu, bila upepo, ni kweli. Nje kwenye upepo hutawanyika haraka. Kwa moto ulio chini ya matangi yenye petroli na watu wanaoshuka, tumia ulicho nacho mkononi.

Yaliyobadilishwa

Kampuni ilihamisha mitungi yote nyuma ya ncha ya bawa, na nguzo ya bawa ikawa mpaka: hakuna anayeivuka kwenda mbele hadi rubani aweke mikono yote miwili wazi kwenye kioo cha dirisha, ikiwa na maana kwamba starta na magneto havishikwi. Kupiga mpini wa gesi kumekatazwa, praima tu. Injini ikikataa mara mbili, rubani anazima kila kitu, anashuka, anatazama chini. Baada ya moto wowote, propela haiguswi hadi fundi athibitishe waya za magneto.

Ishara ya mikono kwenye kioo ina udhaifu. Rubani aliyepaliwa na moshi anaweza kusahau kuitoa. Ndiyo maana njia ya kuzima imepangwa isiitegemee: kutoka nyuma ya nguzo, ukiwa umepiga magoti, unafikia milango ya kupozea bila kukanyaga eneo la mapanga hata kidogo. Vijana hufanya zoezi hilo na ndege iliyozimwa, wakibeba mtungi mzito kweli.

Kwa wenye ndege za tabaini

Ndege nyingi za Wilson sasa ni za tabaini, yaani injini inayozungushwa na gesi moto badala ya pistoni, Cessna Caravan zikiwa kila mahali, na kisa hiki hakihamishiki kwao mzima mzima. Mafuta yao, Jet A-1, huhitaji nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Starta ya injini ya Caravan, iitwayo PT6, haizungushi propela. Inazungusha kikandamiza hewa, na propela huja kuvutwa na gesi inayopita kwenye tabaini nyingine isiyounganishwa nayo kwa shafti. Propela yenyewe iko kinyume na ile niliyoieleza: oili huyaleta mapanga kwenye pembe ndogo, na oili ikiondoka, springi na vizito huyageuza hadi yakae sambamba na upepo. Ndivyo unavyoyakuta asubuhi. Yanapoanza kuzunguka huwa kwa ulegevu, na watu husimama karibu kupita kiasi.

Hatari yao kubwa wakati wa kuwasha ni betri dhaifu: mafuta yakifunguliwa kabla kikandamizaji hakijafika angalau asilimia 12 ya mzunguko wake, hewa haitoshi na joto hupaa. Kwa injini ya Caravan iliyoenea sana hapa, kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde 2 tu. Dawa ni kukata mafuta na kuendelea kuzungusha starta ili hewa ipoze na kufukuza mwali, kwa hiyo mvutano uleule unarudi: propela inazunguka huku mtu anataka kusogea na mtungi. Ekzosi ya Caravan iko chini upande wa kulia wa pua, na rubani ameketi kushoto. Mhudumu wa kuwasha asimame nyuma ya bawa la kulia na mtungi wake, mahali anapoiona ekzosi, na rubani ahakikishe kabla ya kugusa starta kwamba yupo pale na anajua ishara ya moto.